Uteuzi wa chipukizi wa besiboli: kitendawili cha kila mwaka kwa mashabiki wa Minnesota Twins

Kila mwaka, katikati ya majira ya joto ya Marekani, mashabiki wa besiboli katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, hubishana kwa wiki kadhaa juu ya vijana ambao wengi wao hawajapata kuwaona kwa macho. Huyu ana mkono wenye nguvu lakini bega lake linatiliwa shaka; yule anapiga mpira vizuri lakini atadai fedha nyingi; wa tatu ni mtoto wa nyumbani. Kisha timu yao, Minnesota Twins, hutaja jina moja, na ubishi huanza upya.

Shughuli inayozua mjadala huo ni uteuzi wa wachezaji wa ridhaa. Ni utaratibu ambao vilabu 30 vya ligi kuu ya besiboli huutumia kugawana vijana waliomaliza shule za sekondari na wale walioko vyuoni. Vilabu huteua kwa zamu. Kijana akishatajwa, klabu iliyomtaja ndiyo pekee yenye haki ya kuzungumza naye mkataba kwa muda uliowekwa. Hakuna mnada, na kijana mwenyewe hachagui mji atakaokwenda kuishi.

Msomaji aliyezoea pilikapilika za dirisha la usajili huko Dar es Salaam au Nairobi ataona mfanano, na ataona pia tofauti kubwa. Simba au Yanga ikimsajili mshambuliaji, mashabiki humsubiri uwanjani wiki chache baadaye. Katika besiboli, kijana aliyeteuliwa leo hupelekwa katika timu za daraja la chini, na huenda ikapita miaka mitatu, minne au zaidi kabla hajavaa jezi ya timu kuu. Walio wengi hawafiki kabisa. Shabiki anayetabiri uteuzi anatabiri mambo ya miaka mitano mbele, naye hufanya hivyo kwa uhakika wa kushangaza.

Utaratibu ulianzaje?

Kabla ya mwaka 1965 kila klabu ilimsaini kijana iliyemtaka, mradi imudu bei. Vilabu vyenye fedha, New York Yankees vikiwa mbele, vilijikusanyia vipaji. Mwaka 1964 Los Angeles Angels waliwashtua wenzao kwa kumlipa kijana aliyeitwa Rick Reichardt takriban dola 200,000 ili tu akubali kusaini. Wamiliki walikutana, wakakubaliana juu ya utaratibu wa zamu, na uteuzi wa kwanza ukafanyika Juni 1965. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Rick Monday wa Chuo Kikuu cha Arizona State, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics.

Wamiliki walisema lengo ni usawa: timu iliyofanya vibaya msimu uliopita huteua mapema, iliyofanya vizuri hungoja. Lengo la pili, ambalo halikutangazwa kwa sauti kubwa kama hilo, lilikuwa kupunguza gharama. Kijana mwenye mnunuzi mmoja tu hawezi kupandisha bei sana.

Hata hivyo ana silaha moja, nayo ni kukataa. Aliyemaliza sekondari anaweza kwenda chuo kikuu na kurudi katika uteuzi baada ya mwaka wa tatu wa masomo au akifikisha umri wa miaka 21. Silaha hiyo imewaumiza Twins zaidi ya mara moja, kama tutakavyoona.

Idadi ya mizunguko imepunguzwa sana. Kulikuwa na mizunguko 50 mwaka 2001. Ikawa 40 kuanzia 2012, ikashuka hadi 5 tu mwaka 2020 wakati wa janga la corona, na tangu 2021 ni 20. Mwaka huo wa 2021 shughuli yenyewe ilihamishwa kutoka Juni hadi Julai. Hadi kufikia 2007, mwaka ambao televisheni ilionyesha uteuzi kwa mara ya kwanza, vilabu vilitajiana majina kwa simu ya pamoja, na shabiki hakuwa na cha kutazama.

Miji miwili, timu moja

Twins walihamia Minnesota kutoka Washington mwaka 1961. Jina lao lina maana ya mapacha, kwa ajili ya miji hiyo miwili iliyotazamana katika Mto Mississippi, na herufi TC zilizoko kwenye kofia zao husimama badala ya maneno "Twin Cities". Katika nembo yao ya kale wanaonekana wanaume wawili, Minnie na Paul, wakipeana mikono juu ya mto. Ilibidi iwe hivyo: Saint Paul, ulio mji mkuu wa jimbo, haukuwa tayari kuona timu ikiitwa kwa jina la jirani yake mkubwa.

Saint Paul ulikuwa na malalamiko mengine. Mji huo ulizaa wachezaji watatu wakubwa katika muda mfupi, na wote watatu waliteuliwa na vilabu vya mbali. Dave Winfield alikwenda San Diego mwaka 1973 akiwa chaguo la 4. Huyo alikuwa mwanamichezo wa ajabu, kwani vilabu vya mpira wa kikapu na hata timu ya mpira wa Kimarekani ya Minnesota Vikings vilimteua pia. Jack Morris alichukuliwa na Detroit katika mzunguko wa 5 mwaka 1976. Paul Molitor, aliyesoma sekondari ya Cretin, alichukuliwa na Milwaukee mwaka 1977 akiwa chaguo la 3.

Wote walirudi nyumbani wakiwa watu wazima. Morris alirusha mizunguko 10 bila kuruhusu pointi katika mchezo wa mwisho wa fainali za 1991, na Twins wakatwaa ubingwa. Winfield alipata pigo lake la 3,000 akiwa na Twins tarehe 16 Septemba 1993. Molitor naye akapata la kwake akiwa na timu hiyo hiyo tarehe 16 Septemba 1996. Wote watatu wamo katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Watu wa Saint Paul waliwashangilia, lakini miaka yao bora ilikuwa imeliwa na wengine.

Waliotajwa wakakataa

Kwa shabiki wa Twins, kumtaja kijana haikuwa sawa na kumpata. Mwaka 1983 klabu ilikuwa na chaguo la kwanza nchini, ikamteua mrushaji Tim Belcher. Hawakuafikiana juu ya fedha, na Belcher hakusaini. Mwaka 1993 Twins walikuwa na chaguo la 20 na la 21 mfululizo. La 20 lilikuwa Torii Hunter, aliyekuja kupendwa sana Minnesota. La 21 lilikuwa mdakaji Jason Varitek, aliyekataa na kurudi chuoni, kisha akajenga jina lake Boston.

Kisa cha 1996 kilikuwa kichungu zaidi. Twins walimteua Travis Lee akiwa chaguo la 2, lakini klabu haikumpelekea mkataba rasmi katika siku 15 zilizowekwa na kanuni. Wakala wake aliiona nafasi hiyo, kijana akatangazwa kuwa huru, na timu mpya ya Arizona Diamondbacks ikamlipa dola milioni 10. Twins wakabaki mikono mitupu.

Ng'ambo ya mto, Saint Paul Saints walinufaika na ugomvi wa aina hiyo. Wakati ule walikuwa timu ndogo isiyofungamana na ligi kuu. J.D. Drew, aliyeteuliwa na Philadelphia mwaka 1997 akiwa chaguo la 2, aligoma kusaini, akaenda kuchezea Saints, na mwaka uliofuata akateuliwa upya na St. Louis.

Juni 2001: mtoto wa nyumbani au mrushaji bora?

Tunafika sasa kwenye mjadala mkubwa kuliko yote ambayo miji hiyo imepata kuwa nayo juu ya jambo hili.

Twins walimaliza msimu wa 2000 wakiwa wameshinda michezo 69 na kupoteza 93. Ulikuwa msimu wa nane mfululizo wa kupoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda. Hawakuwa wabovu kuliko wote nchini, kwani Chicago Cubs walishinda 65 tu. Lakini kwa kanuni za wakati huo ligi mbili zilipokezana chaguo la kwanza, na mwaka wa tarakimu witiri ulikuwa zamu ya Ligi ya Amerika. Kwa bahati hiyo ya kalenda, Twins wakawa wa kwanza na Cubs wa pili.

Aliyetajwa na wengi kuwa bora alikuwa Mark Prior, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wasaka vipaji walisema hawajaona mrushaji wa chuo aliyekamilika kama yeye kwa miaka mingi. Alikuwa mrefu, mwenye kasi, na mwendo wake wa kurusha ulisifiwa kuwa usingeweza kumuumiza. Ilidhaniwa angeweza kuchezea timu kuu katika mwaka mmoja. Na ilijulikana kuwa angedai fedha ambazo hakuna chipukizi aliyewahi kulipwa.

Wa pili katika mjadala alikuwa mvulana wa miaka 18 aliyezaliwa na kukulia Saint Paul, Joe Mauer, mdakaji wa sekondari ya Cretin-Derham Hall. Shule hiyo ilitokana na kuunganishwa kwa Cretin, aliyosoma Molitor, na shule ya wasichana. Inaelezwa kwamba katika miaka yake yote ya sekondari Mauer alitolewa kwa kukosa mipira mitatu mara moja tu. Alikuwa pia nyota wa mpira wa Kimarekani, na Chuo Kikuu cha Florida State kilimngojea akawe mwongoza mashambulizi wao.

Hoja za kumtaka Prior zilikuwa na uzito. Wadakaji waliotoka sekondari wana historia mbaya: kazi yao huvunja magoti, na wengi hawafiki. Mwaka mmoja tu kabla, Twins walitumia chaguo la 2 kwa mrushaji Adam Johnson, ambaye dalili zake hazikuwa za kutia moyo. Je, klabu ingemwacha mchezaji bora nchini kwa sababu ni ghali? Carl Pohlad, mmiliki aliyeinunua timu mwaka 1984, alikuwa tajiri wa benki, lakini mishahara ya timu yake ilikuwa miongoni mwa midogo kabisa katika ligi. Mashabiki wengi waliona hadithi ya "mtoto wa nyumbani" kuwa pazia la kuficha ubahili.

Upande wa pili ulijibu kwa kumbukumbu. Winfield, Morris na Molitor walikwenda kung'arisha miji ya watu. Je, wa nne naye aachwe? Na kama Prior angekataa kama Belcher alivyokataa, timu ingepoteza mwaka mzima.

Tarehe 5 Juni 2001 meneja mkuu Terry Ryan na wenzake walimtaja Mauer. Cubs walimchukua Prior mara moja. Mauer alisaini kwa dola milioni 5.15, Prior alipata mkataba wa dola milioni 10.5, mkubwa kuliko wowote wa chipukizi hadi wakati huo.

Miezi mitano baadaye yalizuka makubwa zaidi. Novemba 2001 wamiliki wa ligi kuu walipiga kura ya kufuta timu mbili, na Twins walitajwa kuwa mojawapo. Hakimu wa Kaunti ya Hennepin aliamuru timu itimize mkataba wake wa uwanja wa Metrodome kwa msimu wa 2002, na mpango ukakwama. Kwa miezi kadhaa, basi, mashabiki waliobishana nani ateuliwe hawakuwa na hakika kwamba kutakuwa na timu ya kumpokea kijana huyo.

Wakati ulivyoamua

Katika miaka miwili ya kwanza walioteta kwa ajili ya Prior walijiona washindi. Mwaka 2003 alishinda michezo 18 na kupoteza 6, na Cubs wakakaribia fainali, hali Mauer alikuwa bado katika madaraja ya chini. Kisha bega la Prior likaanza kumsumbua. Mchezo wake wa mwisho katika ligi kuu ulikuwa mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 25.

Mwaka huo huo wa 2006 Mauer aliongoza Ligi ya Amerika kwa wastani wa upigaji. Alirudia mwaka 2008 na 2009, akawa mdakaji pekee katika historia ya Ligi ya Amerika kushinda taji hilo mara tatu, na 2009 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Machi 2010, Twins wakijiandaa kufungua uwanja wao mpya wa Target Field, alisaini mkataba wa miaka minane wa dola milioni 184. Jeraha la kichwa la mwaka 2013 lilimwondoa katika udakaji, akahamia kituo cha kwanza, na wapo waliomlaumu kwa mshahara wake hadi alipostaafu mwaka 2018. Januari 2024 alichaguliwa kuingia Ukumbi wa Mashujaa katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili.

Ni vyema kuwa waadilifu hapa. Waliomtaka Prior hawakuwa wajinga. Kwa yaliyojulikana Juni 2001 hoja yao ilikuwa imara, na hakuna aliyeweza kulitabiri bega lile. Na waliomtaka Mauer kwa sababu tu ni mtoto wa Saint Paul walipata jibu sahihi kwa njia isiyo na uhusiano mkubwa na ujuzi wa besiboli.

Ushahidi wa aina hii umejaa katika daftari la Twins lenyewe. Mwaka 1999 chaguo lao la kwanza, la 5 nchini, lilikuwa B.J. Garbe, ambaye hakufika ligi kuu. Katika mzunguko wa 3 wa uteuzi ule ule walimchukua Mkanada Justin Morneau, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2006. Kent Hrbek wa Bloomington, kusini kidogo mwa Minneapolis, alichukuliwa mwaka 1978 katika mzunguko wa 17, akawa nguzo ya timu zilizotwaa ubingwa 1987 na 1991. Mwaka 2009 Twins walimteua mrushaji Kyle Gibson kwa chaguo la 22. Hakuwa uteuzi mbaya hata kidogo, ila baada ya majina mawili Angels walimtaja Mike Trout kwa chaguo la 25, na shabiki wa Twins akikutajia kisa hicho usimcheke.

Fedha zinavyobadili hesabu

Tangu 2012 kila klabu hupewa kiasi cha fedha kisichopaswa kuzidishwa kwa wateule wake wa mizunguko 10 ya mwanzo. Klabu inayozidisha kidogo hutozwa kodi. Inayozidisha kwa zaidi ya asilimia 5 hunyang'anywa chaguo la mzunguko wa kwanza la mwaka unaofuata. Kila nafasi ya uteuzi ina bei yake elekezi, na hapo ndipo mashabiki wa siku hizi wamelazimika kuwa wahasibu: kijana anayekubali kupokea pungufu ya bei hiyo huiachia klabu akiba ya kumshawishi mwingine asiende chuoni.

Mfano wa kwanza ulionekana mwaka huo huo. Houston, waliokuwa na chaguo la kwanza, walimteua Carlos Correa wa Puerto Rico kwa dola milioni 4.8, ilhali bei elekezi ilikuwa milioni 7.2. Twins, wa pili, walimchukua Byron Buxton, mkimbiaji hodari kutoka mji mdogo wa Baxley, Georgia, kwa milioni 6. Waliobaki wakilalamika walimtaka Mark Appel, mrushaji wa Stanford. Appel alikuja kucheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu mwaka 2022, miaka kumi baadaye. Correa naye, kwa mzunguko wa dunia, alichezea Twins kuanzia 2022 hadi Julai 2025 waliporudisha mkataba wake Houston.

Mwaka 2017 chaguo la kwanza lilirudi Minnesota, baada ya msimu mbaya wa 2016 wa kupoteza michezo 103. Mjadala haukuwa na mtoto wa nyumbani safari hii. Kulikuwa na Hunter Greene, kijana wa California aliyerusha mpira kwa kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa akiwa bado sekondari, na Brendan McKay wa Louisville, aliyerusha na kupiga pia. Twins wakamteua Royce Lewis, Mkalifornia mwingine wa sekondari, kwa dola milioni 6.725, pungufu ya bei elekezi kwa zaidi ya dola milioni moja. Maswali ya mwaka 2001 yakafufuka: ni bora, au ni nafuu?

Jibu bado halijapatikana. Lewis alikatika kano ya goti mara mbili, 2021 na 2022. Kisha tarehe 3 Oktoba 2023, Twins wakiwa wamepoteza michezo 18 mfululizo ya mtoano tangu 2004, alipiga mipira miwili iliyovuka uzio dhidi ya Toronto na laana hiyo ikakatika. Tangu hapo ameumia tena na tena, na Greene amechaguliwa katika timu ya nyota ya 2024. Besiboli haina mwamuzi wa mjadala kama huo.

Vilabu vilishutumiwa pia kwa kujipotezea michezo makusudi ili vipate zamu ya mapema. Kwa hiyo kuanzia uteuzi wa 2023 nafasi sita za mwanzo huamuliwa kwa bahati nasibu ya timu 18 zilizokosa mtoano. Tatu zilizo mbovu zaidi zina nafasi ya asilimia 16.5 kila moja. Katika bahati nasibu ya kwanza, Desemba 2022, Twins waliruka kutoka nafasi ya 13 hadi ya 5, wakampata Walker Jenkins wa North Carolina.

Shabiki anatabiri kwa kutumia nini?

Wasaka vipaji hupima mambo matano kwa mchezaji wa uwanjani: kupiga kwa usahihi, kupiga kwa nguvu, kukimbia, kurusha na kudaka. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu. Alama hizo zilikuwa siri ya vilabu; sasa majarida na watangazaji huchapisha za kwao, na mashabiki huzikariri kama wanafunzi wa mtihani. Huongeza juu yake takwimu za vyuo, video, tetesi za wakala, na tabia ya klabu. Kuhusu Twins, kwa mfano, uteuzi wa 2024 na 2025 ulianza na wachezaji wa vyuo wa nafasi ile ile, walinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu: Kaelen Culpepper wa Kansas State, halafu Marek Houston wa Wake Forest.

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni hali ya klabu yenyewe. Minnesota si New York wala Los Angeles. Haiwezi kununua kila nyota. Julai 2025 Twins waliwatoa takriban wachezaji kumi wa kikosi chao kwa mpigo, na familia ya Pohlad, iliyokuwa imesema Oktoba 2024 kwamba inatafuta mnunuzi, ikatangaza Agosti 2025 kuwa itabaki na kukaribisha wabia. Katika hali kama hiyo zamu moja ya uteuzi ikiharibika, uwanja hukaa nusu mtupu kwa miaka.

Watoto wa wahamiaji wana nafasi?

Swali hili lina maana kwa wasomaji wetu wengi. Minneapolis ina jamii kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani. Mtaa wa Cedar-Riverside, wenye maduka na minara ya makazi inayojulikana na kila mgeni kutoka Afrika Mashariki, uko umbali mfupi tu kutoka mahali ulipokuwa uwanja wa Metrodome, uliobomolewa mwaka 2014. Wakenya na Waoromo nao ni wengi katika miji hiyo na vitongoji vyake. Vijana wao wameonekana zaidi katika soka, riadha na mpira wa kikapu.

Kwa kanuni, hata hivyo, uraia si kikwazo. Kijana anayesoma sekondari au chuo nchini Marekani, Canada au Puerto Rico huingia katika uteuzi, awe amezaliwa Saint Paul au Mogadishu. Aliyeko nje husainiwa moja kwa moja, bila zamu. Ndivyo Twins walivyompata Max Kepler wa Berlin mwaka 2009, na ndivyo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alivyopita hadi akawa, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu.

Katika Afrika Mashariki, Uganda ndiyo iliyokwenda mbali. Mwaka 2011 timu ya watoto ya nchi hiyo ilifuzu mashindano ya dunia ya Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika na kucheza. Mdakaji Dennis Kasumba, aliyejulikana kwa video za mazoezi yake ya matairi, alipata nafasi mwaka 2023 katika timu ya Frederick Keys, ambayo wakati huo ilishiriki ligi maalumu ya vijana wanaotafuta kuteuliwa.

Anayetaka kuwaona wateule wa Twins kabla hawajawa mashuhuri hana haja ya kusafiri mbali. Tangu 2021 Saint Paul Saints ni timu ya daraja la mwisho kabla ya timu kuu, na uwanja wao wa CHS Field, uliofunguliwa 2015, uko katikati ya Saint Paul. Treni ya mstari wa kijani huanzia Target Field, hupita pembeni mwa Cedar-Riverside, huvuka mto, na kituo chake cha mwisho ni mwendo mfupi wa miguu hadi langoni.